Nani Atakandika Ukuta? Majengo ya Kale katika Miji Midogo ya Kusini-Magharibi mwa Marekani

Marfa ni mji wa jangwani, magharibi mwa Texas, wenye watu wasiofika elfu mbili. Katikati yake kuna jengo la mahakama la mwaka 1886, orofa tatu na kuba juu, ambalo lingeutosha mji wenye wakazi mara ishirini ya hao. Kaunti ya Presidio inayolimiliki si tajiri hata kidogo. Hata hivyo jengo limekarabatiwa na linafanya kazi ileile lililojengewa. Katika miji mingine ya ukanda huohuo, majengo ya umri uleule yamebaki vifusi, au yamegeuka mapambo ya kupigia picha. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Majibu ya kawaida ni matatu. Wanasheria husema ni sheria, wahasibu husema ni fedha, na waandishi wa vitabu vya utalii husema ni mapenzi ya wakazi kwa historia yao. Kila jibu lina ukweli wake. Lakini ukiipitia miji yenyewe mmoja baada ya mwingine, kuanzia vijiji vya udongo vya New Mexico hadi miji ya shaba ya Arizona, unaona jambo jingine likijirudia: jengo husimama pale penye watu wenye shughuli ya kila siku ndani yake na ujuzi wa kulitengeneza. Sheria, ruzuku na kibao cha shaba mlangoni huja kusaidia kilichokwisha kuwepo. Pasipo na kitu, vinasaidia kidogo sana.

Tabaka juu ya tabaka

Watu wa Pueblo walikaa katika ukanda huu karne nyingi kabla Wahispania hawajapanda Mto Rio Grande na kuanzisha koloni lao mwaka 1598. Mwaka 1821 eneo likawa sehemu ya Mexico huru, kisha vita vya 1846 hadi 1848 vikalipeleka Marekani. Tarehe 15 Agosti 1846, Jenerali Stephen Kearny alisimama juu ya paa la nyumba pembeni mwa plaza ya Las Vegas, New Mexico, akawatangazia wenyeji kwamba tangu siku hiyo wako chini ya serikali nyingine. (Huu ni mji mdogo, wala si ule wa kamari ulioko Nevada.) Reli ilifika hapohapo mwaka 1879. Migodi ya fedha na shaba ikachimbwa, na mwaka 1926 ikaja barabara kuu namba 66.

Kila zama ziliacha aina yake ya majengo. Watu wa Pueblo waliacha maghorofa ya udongo, Wahispania makanisa na plaza, reli ikaleta stesheni na hoteli, makampuni ya migodi yakajenga shule na nyumba za wafanyakazi, na barabara ikaota moteli zenye mabango ya neoni. Mji wa watu elfu tatu unaweza kuwa na alama za karne nne ndani ya mwendo wa miguu wa robo saa. Ndiyo maana mzigo wa uhifadhi ni mzito kuliko idadi ya watu wa kuubeba.

Udongo na mikono

Tuanze na udongo, kwa sababu hapo ndipo hoja inapoonekana wazi zaidi. Tofali la ukanda huu hufyatuliwa kwa udongo, mchanga na majani makavu, likakaushwa juani bila kuchomwa. Ukuta wake huwa mnene, wenye ubaridi mchana na joto usiku, na hufunikwa kwa udongo laini unaokandikwa kwa mkono. Mvua huula udongo huo kidogo kidogo, kwa hiyo ni lazima ukandikwe upya kila baada ya muda. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo hahitaji kufundishwa jambo hili.

Taos Pueblo, kaskazini mwa New Mexico, imeishi kwa utaratibu huo kwa karne nyingi. Maghorofa yake ya udongo yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1992, lakini utunzaji wake haukuanza na UNESCO. Ndani ya kuta za zamani jamii haijaruhusu umeme wala maji ya bomba. Familia chache ndizo zinazolala humo mwaka mzima, ila wengine hurudi kwa sherehe na kwa kazi ya kukandika. Umiliki, ibada na ukarabati viko mikononi mwa watu walewale.

Kilomita chache kutoka hapo, huko Ranchos de Taos, kuna kanisa la San Francisco de Asís, lililokamilika miaka ya 1810. Ukuta wake wa nyuma, wenye nguzo pana za udongo zinazoegemeza jengo, ulichorwa na Georgia O'Keeffe na kupigwa picha na Ansel Adams na Paul Strand. Sifa hizo hazikuliokoa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa vijiji vya kaskazini mwa New Mexico walitawanyika kutafuta mishahara, wengine katika maabara ya Los Alamos, wengine mbali zaidi, California. Mikono ikapungua, na wakati huohuo saruji ikaja na ahadi ya kuwapumzisha waliobaki: piga lipu ngumu mara moja, usahau. Kanisa la Ranchos lilipigwa lipu ya saruji mwaka 1967.

Kilichofuata kimeandikwa katika kuta nyingi za ukanda huo. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia uso wake. Saruji huziba njia hiyo. Maji yakiingia kwenye mipasuko ya lipu au yakipanda kutoka msingini, hayana pa kutokea, na tofali za chini hurudi kuwa tope huku nje kukionekana kuzuri. Methali inatuonya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Huko waliziba ufa, lakini kwa kitu kisichopatana na ukuta, na ujenzi ukawangojea vilevile. Mwaka 1979 waumini wa Ranchos waliing'oa saruji na kurudia udongo. Tangu hapo, kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, wanaparokia hukusanyika kukandika kanisa lao, wazee wakiwaonyesha vijana kiasi cha majani na mchanga.

Somo hilo ndilo lililozaa taasisi ya Cornerstones, iliyoanza mwaka 1986 huko Santa Fe kama mradi wa kuyanusuru makanisa ya vijijini. Mbinu yake ni kutochukua kazi mikononi mwa kijiji. Inaleta mhandisi na fundi bingwa, lakini tofali zinafyatuliwa na wanakijiji, hasa vijana, ili mtaalamu akiondoka ujuzi ubaki. Katika mapokeo ya New Mexico kukandika kulikuwa kazi ya wanawake, na mara nyingi bibi wa kijiji ndiye aliyekuwa mwalimu wa mwisho aliyebaki.

Ujuzi huo pia ulivuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jamii ya Waislamu ilijenga msikiti na madrasa vya Dar al-Islam huko Abiquiú, New Mexico, kwa michoro ya Hassan Fathy, msanifu wa Misri aliyetumia maisha yake kutetea ujenzi wa udongo. Fathy alikuja na mafundi wa Kinubi waliojua kuinua kuba bila kiunzi cha mbao. Jengo hilo ni changa likilinganishwa na jirani zake, lakini limeonyesha kwamba udongo si masalio ya umaskini. Ni teknolojia inayoweza kufundishwa, kusafirishwa na kuendelezwa.

Reli ilipopita pembeni

Las Vegas ya New Mexico ina takriban watu 13,000 na majengo zaidi ya 900 yaliyoandikishwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Wingi huo una maelezo ya kinaya. Reli ilipofika mwaka 1879, kampuni iliweka stesheni karibu maili moja mashariki mwa plaza ya zamani. Mji mpya ukaota kando ya reli, wa matofali ya kuchoma na madirisha ya vioo, huku mji wa Kihispania ukibaki upande wa pili wa mto. Miji hiyo miwili ilikaa ikitazamana kwa chuki na ushindani hadi ilipounganishwa kuwa manispaa moja mwaka 1970. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya reli ilijenga njia fupi zaidi upande wa kusini, mizigo ikahama, kisha benki zikaanguka. Hakukuwa na fedha ya kujenga vipya, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kubomoa vya zamani. Umaskini ukawa mlinzi.

Lakini mlinzi huyo hajui kuezeka paa. Hoteli ya Castañeda, iliyofunguliwa mwaka 1899 kando ya stesheni na kupokea mwaka huohuo mkutano wa askari wa Theodore Roosevelt, ilifungwa mwaka 1948 na kuchakaa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Allan Affeldt, mtu aliyekwisha kujaribu jambo hilo mahali pengine. Mwaka 1997 alikuwa amenunua La Posada ya Winslow, Arizona, hoteli iliyosanifiwa na Mary Colter na kufunguliwa mwaka 1930, ambayo kampuni ya reli iliifunga mwaka 1957 na kuigawa vyumba vya ofisi. Zote mbili sasa ni hoteli tena, na treni ya abiria ya Southwest Chief bado inasimama mlangoni kwa kila moja. Castañeda ilifunguliwa upya mwaka 2019.

Maili chache nje ya Las Vegas kuna jengo jingine la reli, Montezuma Castle, hoteli ya mwaka 1886 iliyojengwa karibu na chemchemi za maji moto baada ya mbili zilizotangulia kuungua. Ilipita kwa wamiliki wengi, ikiwemo seminari ya mapadre wa Mexico, kabla ya kuwa sehemu ya chuo cha United World College mwaka 1982. Ni familia ileile ya shule yenye tawi Moshi na Arusha. Wanafunzi waliokuja kutoka mabara mbalimbali wamelipa jengo lile kile ambacho hoteli haikuweza kulipa: watu wa kulala, kula na kusoma humo mwaka hadi mwaka.

Mahakama

Katika mji mdogo wa Marekani, jengo la mahakama ya kaunti lina maana kubwa kuliko kesi zinazosikilizwa ndani yake. Humo hutunzwa hati za ardhi, hulipwa kodi, huandikishwa wapiga kura, na ndoa hufungwa. Mji uliopata makao ya kaunti ulikuwa umepata maisha. Ulioyapoteza ulijua unachokipoteza.

Lincoln, New Mexico, ni ushahidi. Jengo lake kubwa lilianza kama duka mwaka 1874, likawa kitovu cha vita vya wafanyabiashara na wafugaji wa eneo hilo, kisha likawa mahakama. Kutoka orofa yake ya juu mhalifu Billy the Kid alitoroka tarehe 28 Aprili 1881, akiwaua walinzi wake wawili. Makao ya kaunti yalipohamia Carrizozo, uliokuwa na reli, mji wa Lincoln uliganda pale ulipokuwa. Leo barabara yake moja ni hifadhi ya jimbo, yenye majumba ya makumbusho mengi kuliko maduka. Tombstone, Arizona, ilipoteza makao yake kwa Bisbee mwaka 1929, na mahakama yake ya mwaka 1882 ikafanywa makumbusho mwaka 1959.

Texas ilichagua njia nyingine. Ina kaunti 254, na nyingi zilikuwa na mahakama za karne ya 19 zenye mapaa yanayovuja na nyaya za umeme za hatari. Mwaka 1998 shirika la taifa la uhifadhi liliziweka mahakama hizo katika orodha yake ya mali zilizo hatarini zaidi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilianzisha mpango wa ruzuku wa kuzikarabati, na tangu hapo zaidi ya 70 zimerudishiwa hali yake ya awali, ile ya Marfa ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Masharti ya mpango huo yanastahili kuangaliwa. Kaunti lazima ichangie sehemu ya gharama. Lazima isaini mkataba unaozuia kulibadili jengo bila idhini ya jimbo. La muhimu zaidi, ruzuku inaelekezwa kwenye majengo ambayo bado ni mali ya umma na yana kazi ya umma. Hakimu, karani na mkusanya kodi hawahami. Mkazi akija kulipia ardhi yake anapita chini ya kuba, na kuba inapovuja, ni karani mwenyewe atakayelalamika. Malalamiko ya anayelowana ni ukaguzi ambao hakuna taasisi inayoweza kuuajiri.

Shaba ilipokwisha

Miji ya migodi ilikuwa na tatizo gumu zaidi, kwa kuwa ilijengwa kwa shughuli moja. Jerome, Arizona, ilikuwa na watu wapatao 15,000 katika miaka ya 1920. Mgodi ulipofungwa mwaka 1953 walibaki watu wa kujaza basi moja au mawili. Mlima uliotobolewa na kulipuliwa baruti uliendelea kuteleza, na jela ya zamani ya mji iliteleza nao hadi ng'ambo ya barabara, ambako ipo mpaka sasa. Waliobaki waliamua kuuza hadithi ya mji mfu, na wasanii wakafuata kodi rahisi ya nyumba. Leo Jerome ina wakazi mia nne na ushei na wageni wasiohesabika.

Ajo, kusini mwa Arizona, ilifuata njia isiyojulikana sana. Kampuni ya shaba iliujenga mji huo kwa mpango: plaza ya mwaka 1917 yenye baraza za matao, stesheni, makanisa mawili meupe, na Shule ya Curley ya mwaka 1919. Mgodi ulifungwa mwaka 1985. Shirika la kijamii la eneo hilo likanunua shule, na mwaka 2007 likaifungua ikiwa makazi ya wasanii wa kipato cha chini, nyumba 30 zikiwa ndani ya madarasa ya zamani. Mwaka uliofuata likanunua plaza. Hawakusubiri mtalii awaokoe. Waliuliza kwanza nani anahitaji pa kulala.

Orodha inalinda nini?

Wasomaji wengi hudhani jengo likishaandikishwa katika orodha ya taifa halibomoki tena. Sivyo. Sheria ya Uhifadhi wa Kihistoria ya mwaka 1966 iliyoanzisha orodha hiyo inazibana hasa taasisi za serikali ya shirikisho: kabla ya kutoa fedha au kibali, zipime athari kwa mali za kihistoria. Mwenye jengo binafsi anayetumia fedha zake anaweza kulibomoa kesho likiwa na kibao chake ukutani, isipokuwa kama mji wenyewe umeweka kanuni ya kumzuia.

Nguvu halisi ya orodha iko kwenye kodi. Mwenye jengo lililoandikishwa, lenye kuingiza kipato, anaweza kupunguziwa kodi ya shirikisho kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati uliokubaliwa. Nafuu hiyo imefufua maelfu ya majengo nchini kote. Lakini itazame kwa macho ya mji mdogo. Nyumba ya kuishi mwenyewe haimo, kwa hiyo bibi anayekaa katika nyumba ya udongo ya babu zake hapati kitu. Gharama za ukarabati lazima zizidi thamani ya jengo kwa hesabu za kodi, kwa hiyo anayetengeneza kidogo kidogo kila mwaka, kama udongo unavyodai, naye hapati. Na asiye na kodi kubwa ya kulipa hana cha kupunguziwa. Sheria imekatwa kwa kipimo cha mwekezaji mwenye mradi mmoja mkubwa, wakati uhai wa majengo haya unategemea mtu mwenye kazi ndogo isiyokwisha.

Mpango wa Main Street, uliotangazwa kitaifa mwaka 1980 na kufika New Mexico miaka michache baadaye, ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kuajiri mratibu katika kila mji, kuunganisha wenye maduka, na kutengeneza sura za majengo kwa fedha ndogondogo. Pale mratibu alipodumu, matokeo yameonekana. Pale fedha ya mshahara wake ilipokatika, mji ulibaki na taa nzuri za barabarani na maduka matupu.

Historia ya nani?

Kila uamuzi wa kuhifadhi ni uamuzi kuhusu kumbukumbu ya nani itawekwa wazi. Kwa muda mrefu ukanda huu uliuza hadithi moja: bunduki, farasi na mhalifu mwenye haiba. Tombstone ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Umaarufu wake unatokana na mapigano ya risasi ya sekunde chache ya tarehe 26 Oktoba 1881, na wafanyabiashara wake walipamba mitaa kulingana na sinema. Mwaka 2004 idara ya hifadhi za taifa iliutangaza mji huo kuwa alama ya taifa iliyo hatarini, ikitaja mambo kama tarehe za kale zilizoandikwa kwenye majengo mapya. Mji ulikuwa umeipenda historia yake kiasi cha kuighushi.

Bisbee iko karibu na hapo, nayo ina kumbukumbu nzito zaidi. Tarehe 12 Julai 1917, sherifu na watu wake wenye silaha waliwakamata wachimbaji waliogoma na waliowaunga mkono, wakawaswaga hadi uwanja wa besiboli wa Warren, wakawapakia wanaume wapatao 1,200 kwenye mabehewa ya ng'ombe na kuwatupa jangwani New Mexico. Uwanja huo ulijengwa mwaka 1909 na vijana bado wanauchezea. Ni alama ya kihistoria kwa maana kamili, ingawa kwa miongo mingi wakazi walipendelea kutozungumzia kilichotokea humo.

Marfa pia ina jengo la aina hiyo. Shule ya Blackwell ya mwaka 1909, yenye kuta za udongo, iliwasomesha watoto wenye asili ya Mexico waliotengwa na wenzao hadi ilipofungwa mwaka 1965. Mwaka 1954 wanafunzi walilazimishwa kuandika vikaratasi vya kuikana lugha ya Kihispania na kuvizika uwanjani. Ni waliosoma humo walioizuia isibomolewe wakaifanya makumbusho. Bunge la Marekani liliipitisha kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2022. Angalia mpangilio wake: wahusika kwanza, serikali baadaye. Kumbukumbu kama hiyo iko pia katika ngome ya Fort Davis, ambako vikosi vya askari weusi wa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikaa na kufanya kazi. Wajukuu wa historia hiyo wana sababu ya kwenda huko ambayo sinema za wang'oa bastola haziwezi kuwapa.

Pengine jamii huamua kuiondoa alama. Huko Alcalde, New Mexico, lilisimamishwa sanamu la Juan de Oñate, kiongozi wa koloni la 1598, aliyeamuru wanaume wa pueblo ya Acoma wakatwe mguu mmoja baada ya vita vya 1599. Miezi ya mwisho ya 1997 watu wasiojulikana walilikata sanamu mguu wa kulia. Mguu mpya uliwekwa, lakini mabishano hayakuisha, na Juni 2020 kaunti ililiondoa. Alama isiyo na wa kuitetea katika mji wake haiwezi kulindwa na shaba iliyoundiwa.

Utalii na mlango wa nyuma

Utalii umeokoa majengo mengi ya ukanda huu na haufai kubezwa. Santuario de Chimayó, kanisa dogo la mwaka 1816, lilikuwa mali ya familia hadi wahifadhi walipolinunua na kulikabidhi jimbo kuu la kanisa mwaka 1929, na mahujaji wa Juma Kuu wanaotembea kwa miguu hadi pale ndio wanaolipa uhai. Huko Seligman, Arizona, barabara kuu mpya iliupita mji kando mwaka 1978 na biashara zikafa kwa siku moja. Kinyozi Angel Delgadillo akawakusanya wenzake mwaka 1987 kudai barabara namba 66 itambuliwe kuwa ya kihistoria. Wageni wakarudi, hata moteli za Tucumcari, New Mexico, zikawasha tena neoni zake.

Hata hivyo wageni wakizidi kipimo huwasukuma wenyeji nje. Marfa ilijulikana duniani kwa sababu ya msanii Donald Judd, aliyehamia huko miaka ya 1970 na kujaza kazi zake katika kambi ya zamani ya jeshi, iliyofunguliwa mwaka 1986 chini ya taasisi ya Chinati. Nyumba za udongo zilizokuwa za wachunga ng'ombe na vibarua zikawa bidhaa ya kifahari. Baadaye wathamini wa kaunti walianza kuzitoza kodi nyumba za udongo kwa daraja la juu, pamoja na zile ambazo wenyewe hawakuwahi kuzitia sokoni. Familia iliyokandika ukuta kwa vizazi ikawa inalipia uzuri ulioonwa na mgeni.

Tishio jingine ni hali ya hewa. Mwaka 2022 moto mkubwa kuliko wote katika historia ya New Mexico, ulioanzia kwenye mioto ya makusudi ya idara ya misitu, uliteketeza zaidi ya ekari 340,000 katika milima iliyo juu ya Las Vegas. Mvua zilizofuata zikasomba majivu hadi kwenye mto unaoupa mji maji ya kunywa. Vijiji vyenye makanisa ya udongo vilipoteza nyumba, na kijiji kilichopoteza watu kimepoteza wakandikaji.

Hukumu

Ukiijumlisha miji yote hii, mpangilio unajitokeza. Taos Pueblo, Ranchos, mahakama za Texas, shule ya Ajo na chuo cha Montezuma vinafanana kwa jambo moja: wanaotumia jengo ndio hao hao wanaoumia likiharibika, na wana njia ya kulitengeneza. Lincoln na Tombstone zimehifadhiwa, lakini uhai wake unategemea mgeni asiyelala hapo. Marfa ina vyote viwili upande kwa upande, mahakama iliyobaki ya wote na nyumba za udongo zinazowaponyoka wenyewe.

Kwa hiyo fedha za uhifadhi zikiwa chache, na katika miji midogo daima ni chache, zifuate utaratibu. Kwanza paa na mifereji ya maji, kwa kuwa jengo lisilovuja linaweza kusubiri. Pili mafunzo ya mafundi wa hapohapo, na nafuu ya kodi kwa mwenye nyumba anayeitunza mwenyewe, jambo ambalo sheria ya sasa ya shirikisho haimpi. Tatu kazi mpya kwa jengo lililopoteza ya zamani, wenyeji wakiwa wapangaji wa mwanzo. Kibao cha shaba kije mwisho, na maneno yake yaandikwe na wanaokandika ukuta.